Soso, ndoyi wake, na siku zisizofanana

Kisangani, Jumatatu, asubuhi ya mvua

Shajara yangu, mbote.

Mvua ilianza kabla ya jogoo, na mpaka saa hii haijaamua kama itakata. Akina mama wote wanaouza mikate ya kukaanga kwenye avenue yetu wamebaki ndani, na mimi pia. Unga umekaa kwenye beseni, nimeufunika na kitambaa, unaumuka tu bila mteja. Sijui kama mtu ana ruhusa ya kufurahi siku ambayo hakuuza kitu. Lakini niko na furaha, na ninaiandika hapa kabla betri ya simu haijaisha, maana courant, umeme, hatuna tangu juzi.

Soso amelala kwenye kitanda chake. Kitanda chake, nyumbani kwake.

Hiyo ndiyo habari yote. Sasa niieleze polepole.

Kwa wewe unayesoma hapa kwa mara ya kwanza: Soso ni binti yangu, anakaribia miaka mitano. Jina lake la kwenye karatasi ni Solange. Tulimpa jina la dada mkubwa wa mume wangu, Ya Solange, semeki yangu; Ya ni heshima tunayompa mkubwa. Hapa kwetu, mtu ambaye mtoto amechukua jina lake anaitwa ndoyi wake, na undoyi siyo mchezo. Ndoyi ndiye analeta pagne, kitenge cha kwanza cha kumbebea mtoto. Ndoyi ndiye anaitwa mtoto akiugua. Mtoto akiwa mkaidi, watu hawamwangalii mama, wanamwangalia ndoyi na kucheka, kwa sababu wanaamini tabia inafuata jina. Na ndoyi akitaka kumchukua mtoto akae naye, wazazi wanapata shida sana kukataa. Ni kama anaomba kitu chake mwenyewe.

Ya Solange alituomba tumpe Soso. Alitaka ahamie kwake Makiso, asomee huko, alale huko. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kumpa jibu mbele ya familia.

Niseme kwanza Ya Solange ni nani, na nitajaribu kusema kwa haki. Ni mwanamke ambaye akiingia kwenye salon ya wageni, salon inakuwa ndogo. Mrefu, sauti ya kengele, anauza mapagne sokoni na hakuna mteja anayemshinda kwa maneno. Anaweza kukusimulia kifo cha kuku mpaka ushike mbavu. Siku nilipojifungua ni yeye aliyenishika mkono, na wauguzi walidhani ni mama yangu mzazi. Alimpokea mtoto, akamwinua juu watu wote wamwone, akasema:

"Muangalie. Niko nazaliwa mara ya pili."

Tulicheka sote. Mimi nililia kwa furaha.

Sikujua kwamba alikuwa anasema kweli.

Kwa sababu tangu siku ile Ya Solange hajawahi kumwona Soso kama mtu mwingine. Soso akifanya vizuri, ni yeye amefanya vizuri. Soso akichafuka, ni yeye amechafuliwa. Mwaka jana mtoto alisimama kanisani akasema mstari wake wote bila kukosea, na Ya Solange akatembea naye benchi mpaka benchi, anamwonyesha kama mtu anayeonyesha pete. Wiki iliyofuata alimpeleka kwenye kikao cha akina mama wenzake. Soso alikuwa amekunywa juisi nyingi, akamkojolea kwenye mapaja, juu ya pagne mpya ya super-wax. Nilikuwepo. Alimwinua kwa vidole viwili kama kuku aliyetoka kwenye maji, akanirudishia, na akasema mbele ya wote kwamba tumtafutie jina lingine.

Sasa ninacheka nikiandika. Siku ile sikucheka.

Baada ya pale alipita mbele ya uzio wa parcelle yetu mara nyingi, amepakiwa kwenye moto, pikipiki ya kukodi, na kila mara aligeuza uso upande wa pili wa barabara. Upande wa pili hakuna kitu, ni ukuta tu. Soso alikuwa anasimama kwenye mlango wa uzio anaita, "Ndoyi, ndoyi," mpaka vumbi litulie. Halafu asubuhi moja akaja na viatu vidogo vya rangi ya dhahabu, anauliza mbona mtoto amekonda hivi, na mbona tunamficha ndoyi wake. Tunamficha! Mimi nilibaki na kijiko hewani.

Bon. Nifanye nini? Nilianza kutafuta sheria yake. Nilifikiri kila kitu kina sheria, hata mafuta ya mawese ukiyajua hayakurukii. Nikajiambia labda ni chakula. Nikampikia liboke ya samaki, wa kufungwa kwenye majani, akala, akalamba jani, akaniita binti yake. Aliporudi nikapika samaki yule yule, jani lile lile, pilipili kiasi kile kile, akaonja mara moja na kuuliza kama tunataka kumuua kwa presha. Nikapunguza chumvi. Akasema tunamlisha kama mgonjwa. Nikafikiri ni nywele zangu. Nikafikiri ni kwa sababu familia yangu ni ya Ubundu na sisi hatuna maneno mengi. Nilimaliza miaka mizima nikipima chumvi.

Ningeweza kuendelea kupima hivyo mpaka uzee. Kilichonishtua ni Soso.

Siku moja alisikia sauti ya moto nje, akaacha kucheza. Hakukimbia mlangoni kama zamani. Alikwenda kwanza kwenye ndoo ya maji, akajiosha mdomo, akavuta gauni lake chini kufunika doa la mboga ya pondu, halafu akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Alitaka kuona uso kabla ya kutoka. Mtoto ambaye hajui bado kufunga kamba za viatu, anajua kusoma uso wa mtu mzima kama nahodha anavyosoma maji ya mto.

Aligeuka akaniuliza kwa sauti ndogo, leo ni ndoyi gani amekuja.

Hapo niliogopa. Na ni pale pale, katika kipindi kile, Ya Solange alitangaza kwamba shule ikifunguliwa anamchukua.

Mume wangu, Papa Soso, ni seremala, na mikono yake haiogopi kitu. Mbao ngumu ya msituni anaikata huku anapiga mluzi. Lakini mbele ya dada yake anakuwa mtoto. Mama yao alifariki yeye akiwa mdogo, na Ya Solange, naye bado msichana, ndiye aliyewapikia na kuwafulia wote. Papa Soso aliniambia kwamba hata yeye alikuwa anasikiliza hatua za miguu ya dada yake kabla ya kuingia jikoni. Hatua za haraka, rudi nje. Hatua za kuimba, ingia, kuna chakula na vicheko. Aliniambia hayo anapiga randa, hakuniangalia. Nikamuuliza kama anataka Soso naye ajifunze hatua hizo. Randa ikasimama, akakung'uta maranda, akaendelea.

Na mimi sikumsukuma. Mtu anayedaiwa utoto wake wote si rahisi kwake kusema hapana.

Sasa niandike jambo lililonifungua macho. Lilitoka kwenye radio, nami niko na mafuta ya moto mbele yangu. Asubuhi mapema, nakaanga mikate, jirani amefungua kipindi kwa sauti ya avenue nzima. Mama mmoja psychologue, mtaalamu wa akili za watu, alikuwa anajibu maswali ya wasikilizaji. Mtu alimuuliza kwa nini mume wake anamsifu mbele ya wageni na kumdharau wageni wakiondoka. Yule mama akatumia neno la Kifaransa, narcissique. Nilidhani ni jina la dawa.

Halafu akaeleza, na mikate yangu ikaungua.

Nitaandika nilivyoelewa, maana mimi shule niliacha mwaka wa pili wa secondaire. Alisema wako watu ambao ndani yao hakuna kioo. Wengi wetu, tukibaki peke yetu, bado tunajua sisi ni nani, wabaya kidogo, wazuri kidogo. Wao wakibaki peke yao hawajioni. Donc, basi, wanajitazama kwenye macho ya watu wengine. Macho yako yakiwaonyesha sura nzuri, wewe ni malaika, wanakupa kila kitu. Macho yakionyesha doa, hata doa dogo, hata doa ambalo hukuliweka wewe, umekuwa adui. Na kesho macho yakiwa mazuri tena, jana haikuwepo. Hawadanganyi kwa makusudi kila mara. Saa ile wanapokupenda, wanakupenda kweli. Saa ile wanapokukataa, wanaamini kabisa kwamba umewakosea. Ukisimama katikati na kuuliza ipi ni ya kweli, utapata wazimu.

Akasema kitu kimoja ambacho nimekirudia kichwani kila siku: usitafute kosa lako ndani ya hali ya hewa ya mtu mwingine.

Pia alikataza kuita kila jirani msumbufu kwa jina lile. Anayeweza kusema ni mtaalamu aliyekaa na mtu na kumsikiliza. Namheshimu. Mimi siyo docteur, na Ya Solange sijui kama ni hivyo au sivyo. Mimi pia nina siku zangu mbaya, muulize Papa Soso. Lakini mimi siku mbaya ikipita, ninarudi kwa niliyemkaripia na kusema pole. Ya Solange hajawahi kusema pole, kwa sababu kwake hakuna kilichopita.

Kuanzia asubuhi ile nilianza kumwangalia upya. Niliacha kuangalia chumvi, nikaangalia nani ameketi kwenye salon. Na kumbe sheria ilikuwepo! Siku za liboke tamu palikuwa na wageni wa kumsikia akinisifu, na sifa ikamrudia yeye, dada mkubwa mwenye moyo. Siku za liboke mbaya alikuwa ametoka sokoni, ameshindwa bei na mwanamke mwingine, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza mwenye sufuria njiani.

Nilihisi nimetua mzigo wa makala ya kupikia kutoka kichwani. Shingo yangu yote ikapumzika.

Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Jana, basi.

Ya Solange alichaguliwa présidente wa akina mama wa mtaa wake, na jana alifanya sherehe ya shukrani kwake Makiso. Alishona pagne moja kwa watu wawili: yeye na Soso. Ua lile lile, mikono ile ile ya kuvimba, kilemba kile kile, mmoja mkubwa, mmoja mdogo kama alama ya kidole. Nakubali, walipendeza. Watu walipiga picha. Tonton Bosco, ndugu wa baba yao marehemu, alikuja kutoka Bengamisa na mkungu wa makemba, ndizi za kupika, begani, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa familia aliyebaki, na neno la mtoto lilitakiwa lisemwe mbele yake baada ya chakula.

Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, natwanga lituma ya makemba na wanawake wengine. Mke wa familia kwenye sherehe anakaa jikoni, hiyo najua, na kwa kweli napenda, ndiko kuna vicheko. Dirisha lilikuwa wazi. Niliona kila kitu.

Soso alisimama katikati ya salon akaimba wimbo wa shule. Aliimba wote, na mwishoni akaongeza salamu ambayo hakuna aliyemfundisha. Aliwashukuru wageni wote, akamshukuru Mungu, halafu akashukuru makemba ya Tonton Bosco. Nyumba ilianguka kwa kicheko. Bibi mmoja mzee, mgeni wa heshima, alimvuta Soso kwenye mapaja yake na kusema:

"Leo tumeona Solange wa kweli. Ule mukubwa alikuwa anatutunzia jina tu."

Ulikuwa mzaha. Mzaha mzuri hata. Wote walicheka, na Ya Solange alicheka kuliko wote.

Lakini mimi nilikuwa nimejifunza kuangalia. Meno yake yalibaki nje, macho yakaingia ndani.

Nilihesabu moyoni, sasa hivi. Na kweli, bibi hajamaliza kumpapasa mtoto, Ya Solange alimtoa mapajani kwa upole wa watu kuona, akamwambia aende nyuma avue ile nguo, asiichafue, na akae jikoni na wenzake. Wenzake gani? Alikuwa mtoto peke yake. Alipomsukuma mlangoni, alimwambia mwanamke aliyekuwa karibu, kwa sauti ya kutosha kunifikia:

"Mutoto hii anajionyesha sana. Hiyo tabia ametoa kwa mama yake."

Dakika chache nyuma alikuwa Solange mdogo. Sasa amekuwa wangu tena.

Soso akaja jikoni na kilemba mkononi. Hakulia. Ningependa angelia. Alisimama mbele yangu, wanawake wote wamesimamisha michi yao, akaniuliza:

"Mama, nimeimba mubaya?"

Shajara, zamani ningetafuta jibu. Ningesema labda hukupaswa kuongeza salamu, labda ulichelewa kumbusu ndoyi, labda, labda. Ningempa mtoto wangu chumvi ya kupima kama mimi. Jana nilifuta mikono, nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwambia:

"Umeimba muzuri sana. Kila mutu amefurahi. Ndoyi amekasirika na hasira yake, haikutoka kwako."

Akafikiri. Akauliza kama anaweza kula lituma sasa. Nikampa donge kubwa kuliko uso wake, na wanawake wakaanza kutwanga tena. Mmoja akasema kwamba jikoni ndiko wako watu wenye akili, watoto wanaoimba wanaletwa huku. Soso akacheka na mdomo umejaa.

Pale pale nilijua jibu langu.

Baada ya chakula Tonton Bosco aligonga glasi na kijiko. Wageni wakubwa walibaki, maana Ya Solange hakutaka waondoke. Niliitwa, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Papa Soso alikuwa karibu na dada yake, anaangalia viatu vyake. Na Ya Solange akasimama, akaongea vizuri, lazima nikubali, angeweza kuongoza nchi. Alisema Soso ni damu yake na jina lake. Alisema atamsomesha, atamvalisha, atamfanya mwanamke. Alimwita kutoka jikoni, mtoto akaja na mawese kwenye shavu, na Ya Solange akamkumbatia na mawese yote kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ninaamini kwake hakikutokea. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

Nilimhurumia. Sikutegemea hilo. Niliona msichana anayepika kwenye nyumba isiyo na mama, na hakuna mtu anayemwambia asante, chakula ni kitamu.

Lakini huruma ni huruma, na mtoto ni mtoto.

Tonton Bosco akamuuliza Papa Soso kama anakubali. Papa Soso akafungua mdomo, akaufunga. Basi nikaomba ruhusa, mimi mke, kwenye kiti cha mlangoni. Tonton alishangaa kidogo, akanipa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanikimbia. Yakabaki haya:

"Tonton, Ya Solange, jina tulimpa kwa moyo wote, na atalibeba. Lakini Soso atalala kwetu. Akija kwa ndoyi wake, tutakuja naye, na tutarudi naye."

Sikusema habari ya super-wax. Sikusema habari ya ukuta na moto. Sikusema neno la radio, na hilo namshukuru Mungu, kwa sababu lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Ningelitumia lingekuwa jiwe, na baada ya jiwe hakuna anayesikia kitu kingine.

Ya Solange alinigeukia. Najua uso ule. Miaka yote uso ule ulinifanya niombe msamaha kabla ya kujua kosa. Ninakiri, nilikuwa tayari kuomba msamaha hata kwa kiti nilichokalia. Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu, ndogo, imekwaruza, lakini yake:

"Mama Soso amesema maneno yangu."

Alikuwa bado anaangalia viatu. Sijali. Alisema.

Ya Solange akaangalia wageni. Akamwangalia yule bibi wa heshima, akamwangalia Tonton. Niliona kabisa anatafuta kioo kilichobaki kizima kwenye chumba kile. Halafu akacheka, akapiga makofi mara moja, na kusema:

"Lakini nani alisema namuchukua? Ni mimi mwenyewe nilikatala tangu zamani. Mutoto wa umri hii anaachaje mama yake?"

Wageni wakaanza kuitikia kwamba ni kweli, présidente iko na hekima, présidente anajua familia. Yeye akachanua kama ua la kwenye nguo yake. Akatoa hata shauri, kwamba mtoto kukaa na wazazi ni muhimu kwa akili yake. Akanigeukia mimi, akanishauri nisimpe mtu mtoto wangu hovyo.

Nikamjibu, asante Ya Solange, nimesikia.

Nilikuwa karibu kucheka kwa sauti, nikauma ulimi. Tonton Bosco akaniinamia, uso wake umetulia kama wa padri, akasema chini chini: "Binti yangu, kula makemba. Maneno imeisha yenyewe."

Tulirudi jioni bado kuna mwanga, sisi watatu kwenye baiskeli mbili za toleka, za kukodi, Soso mbele yangu na kilemba kichwani. Alikataa kukivua. Njiani aliimba wimbo wake wote tena, na salamu, na makemba. Mwendesha baiskeli akamsifu, naye akaipokea ile sifa kama mtu anayepokea embe: asante, na kuendelea.

Nyumbani Papa Soso alivua viatu vyake. Halafu akaniambia nina moyo mgumu kama mbao nzuri. Kwa seremala hiyo ni sifa kubwa, nimeiweka kifuani. Unaona, mimi pia napenda kusifiwa. Nani hapendi? Tofauti, nadhani, ni kwamba sifa ikichelewa silali njaa.

Nimejiuliza asubuhi hii kama nilikosea kumpa Soso jina lile. Nilimpa nikitafuta amani na semeki, kwa kuwa nilidhani mtu hawezi kumchukia mtu mwenye jina lake. Hapana, sijutii. Ni jina zuri, lina sauti. Sasa kazi yangu ni kumsaidia alijaze na mambo yake mwenyewe, nyimbo zake na ukaidi wake, mpaka siku moja watu wakilitaja wafikirie kwanza yeye. Na siku ile pale maternité, mkono ulionishika, ulikuwa wa mapenzi au wa kuonekana na wauguzi? Nimeamua kwamba ulikuwa mkono, na ulinisaidia. Inatosha.

Hatutamkimbia Ya Solange. Akija siku yake nzuri, tutacheka naye, kwa sababu hakuna anayechekesha kama yeye. Akija siku yake nyingine, tutamsalimu, tutampa kiti, na kama maneno yatakuwa makali nitamkumbuka Soso kwanza na kumtuma acheze nje. Sitabishana. Sitapika mara mbili. Sitasubiri nyuma ya pazia, na mtoto wangu hatasubiri.

Amepiga simu asubuhi hii, mvua ikiwa katikati. Ndiyo, yeye. Sauti tamu. Anasema Jumatano anakuja kumchukua ndoyi wake wakapige picha studio na zile nguo, kwamba kila mtu anaziulizia. Nikamwambia karibu, nitakuwa nimejiandaa, tutakwenda sote watatu. Akasema basi na mimi nivae vizuri, nisimwaibishe.

Nikasema sawa, na nikacheka baada ya kukata.

Atakuja? Hatakuja? Soso ameamka, amesikia, ameniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba sijui, na ni kweli sijui. Akainua mabega, akauliza kama unga wa mikate umekuwa mwingi hivyo kwa ajili yake peke yake.

Mvua inapungua. Nawasha makala, tukaange kidogo, ya kula sisi wenyewe.